Tertiobutili: kundi linalofanya kazi kwa kuchukua nafasi

Hotuba mbele ya walimu wa sekondari na wanafunzi wa kemia, Lubumbashi

Bwana mwenyekiti, wakubwa zangu walimu, mama na baba mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma mkaviacha vya mbele vitupu kama kawaida yenu: jambo yenu wote.

Niliombwa nizungumze juu ya kemia ya kaboni. Hiyo ni mada ya mwaka mzima, nami nimepewa saa moja, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu: kaboni nne na hidrojeni tisa. Kinaitwa tertiobutili. Ubaoni tunakiandika C(CH₃)₃. Kaboni moja iko katikati, metili tatu, yaani CH₃ tatu, zimeizunguka, na mkono wake wa nne umeshika molekuli iliyobaki. Hakina oksijeni, hakina nitrojeni, hakina chaji. Mwanafunzi wa mwaka wa sita akikiona anakiruka, macho yanamkimbilia OH au COOH, kwa sababu tumemfundisha kwamba huko ndiko kwenye mambo. Mimi leo nadai kwamba mara nyingi anayeamua mambo yatokee wapi, na yasitokee wapi, ni huyu anayerukwa. Na silaha yake ni moja: amechukua nafasi.

Nasema hivi nikiwalenga walimu wenzangu zaidi. Ubao ni bapa, daftari ni bapa, na vifaa vyetu ni vichache. Matokeo yake tunafundisha kemia ya mishale na chaji, molekuli zote zimelala kwenye karatasi, na mtoto anamaliza sekondari bila kujiuliza hata siku moja kama kitu fulani kinaweza kupita mahali fulani. Tertiobutili haieleweki kwa namna hiyo. Ndiyo sababu naipenda: inamlazimisha mwalimu aache ubao.

Tuanze na chupa. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, baridi yetu ya Katanga mnaijua. Fungua kabati la maabara isiyo na joto, utoe chupa ya tertiobutanoli. Ukiipindua, hakuna kinachomwagika. Ndani mna kitu cheupe kilichoshikamana, sindano za fuwele zimepanda hadi shingoni. Iweke kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na baada ya muda inakuwa maji tena. Kiyeyusho hiki huganda karibu na nyuzi 25, na huchemka kwenye 82. Sasa mlinganishe na ndugu yake butanoli ya kawaida, mwenye fomula ileile C₄H₁₀O, hesabu ileile ya atomu: yeye huganda chini ya sifuri kwa nyuzi 89 na huchemka kwenye 118. Huyu mmoja anaganda mapema sana, na bado anachemka upesi. Ukitazama fomula tu huwezi kueleza. Ukitazama umbo, inaeleweka: butanoli ya kawaida ni ndefu, inalala kando ya mwenzake na kugusana naye urefu wote, kwa hiyo kuwatenganisha ili wachemke kunataka joto. Tertiobutanoli ni ya duara. Maduara hugusana kidogo, kwa hiyo huachana upesi, lakini hupangika vizuri katika fuwele. Na nidokeze jambo la kazi kwa wanaosimamia stoo: kama Julai yote imepita na chupa yako haijaganda hata mara moja, usifurahi, imeshakunywa maji.

Huyu alkoholi ana historia nzuri. Mwaka 1864, kule Kazan nchini Urusi, Alexander Butlerov alimtengeneza kwa kutumia dimetili ya zinki. Wakati ule wakemia wengi walikuwa bado wanabishana kama atomu ndani ya molekuli zina mpangilio wowote unaoweza kujulikana. Butlerov alishikilia kwamba zinao, akasema kwa mujibu wa mpangilio huo lazima kuwe na alkoholi ambayo kaboni yake ya OH imeshikwa na kaboni nyingine tatu, kisha akaenda maabara akaitoa. Alitabiri kwanza, akatengeneza baadaye. Kwa hiyo tertiobutili ilikuwa ushahidi wa umbo tangu ilipozaliwa.

Sasa jaribio, na hili linawezekana hapa kwetu. Chukua ampuli ya kutenganishia, ile yenye bomba chini. Tia mililita 10 za tertiobutanoli na mililita 30 za asidi hidrokloriki iliyokolea. Funga, pindua, fungua bomba ili gesi itoke, tikisa, fungua tena. Hakuna moto, hakuna kichocheo. Mwanzoni maji ni maangavu, kisha yanakuwa na ukungu, na baada ya dakika kama kumi za kutikisa na kuachia gesi, utaona tabaka jepesi limejitenga likaelea juu. Hilo ni kloridi ya tertiobutili. Osha kwa maji, kisha kwa maji ya baikaboneti, na hapo fungua bomba mara kwa mara kwa sababu gesi inafoka. Vitabu vinasema itachemka kwenye nyuzi 51. Sisi tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, itachemka nyuzi chache chini ya hapo, msimkate mwanafunzi alama. Fanya vivyo hivyo na butanoli ya kawaida, na utatikisa hadi mkono uchoke bila kuona tabaka lolote. Howard Lucas aliligeuza jambo hili kuwa kipimo mwaka 1930, kwa kuongeza kloridi ya zinki kwenye asidi: alkoholi ya tatu, yaani ile ambayo kaboni yake ya OH imeshikwa na kaboni tatu, inatoa ukungu papo hapo, ya pili baada ya dakika kadhaa, ya kwanza haitoi kitu bila kupashwa moto.

Kwa nini? Kwa sababu metili tatu zimeziba njia. Hakuna anayeweza kuifikia kaboni ya katikati kwa nyuma na kumsukuma aliyeko mbele. Lakini msongamano huohuo unamfanya anayetaka kutoka atoke kwa urahisi, kwa kuwa akitoka, zile metili tatu zinapata nafasi ya kujinyoosha, na pia zinachangia elektroni zao kumtuliza aliyebaki na chaji chanya. Edward Hughes na Christopher Ingold, kule London miaka ya 1930, walilionyesha kwa kupima mwendo. Nanyi mnaweza kulionyesha kwa glasi mbili. Weka matone ya kloridi yenu katika asetoni, mimina kwenye maji yenye sodiamu hidroksidi kidogo na bromotimoli ya buluu. Maji ni ya buluu, yanakaa, halafu kwa ghafla yanageuka manjano: hidroksidi imekwisha. Kwenye glasi ya pili ongeza hidroksidi mara mbili. Mmenyuko hauendi mbio zaidi. Unachukua tu muda mrefu zaidi kuimaliza hidroksidi iliyozidi. Maana yake hidroksidi haina sauti katika hatua ile ya polepole. Inasubiri klorini iondoke yenyewe, ndipo yenye kuingia iingie. Hiyo ndiyo SN1, yaani badilishano ambalo hatua yake ya polepole inategemea molekuli moja tu, ambayo watoto wanaikariri bila kuiona.

Yule anayebaki katikati na chaji chanya, kationi ya tertiobutili, kwa miaka mingi alikuwa akikisiwa tu, maana anaishi muda mfupi mno. George Olah, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alimshika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitumia asidi kali kupita kiasi, yenye floridi ya antimoni, ambamo hakuna kitu chochote kinachotaka kumshambulia, akamwangalia kwa utulivu kwenye mashine ya sumaku. Mwaka 1994 alipewa Nobeli ya kemia. Sisi wa huku asidi tunayoijua ni ile ya malori yanayopita Kasumbalesa kwenda migodini. Ya Olah ni kali zaidi ya hiyo mara mamilioni.

Basi tabia za tertiobutili ni mbili: ikikaa, inaziba, ikifika kwenye asidi, inatoka. Karibu kila matumizi yake yanatokana na moja ya hizo, na mengine na zote mbili kwa pamoja.

Mezani hapa nimeleta modeli mbili za udongo na njiti, zitatupa picha ya kukaa. Zote ni sikloheksani, ile pete ya kaboni sita isiyo bapa, iliyokunjika kama kiti. Moja imebeba metili, nyingine tertiobutili. Pete hii haitulii, inajipindua mara nyingi kwa sekunde, na kila ikijipindua kilichokuwa kimesimama wima kinalala ubavuni, na cha ubavuni kinasimama. Metili inapendelea ubavuni, karibu asilimia 95 ya muda, lakini ikisimama inavumilika. Ijaribuni ya tertiobutili kuisimamisha: inagongana na hidrojeni za upande huohuo. Ni kama jamaa wa mabega mapana mwenye gunia la unga magotini, akikaa nyuma kwenye teksi ya kwenda Kasapa: hagombani na mtu, lakini wote watapangika kumfuata yeye. Gharama ya kuisimamisha ni karibu kilokalori 4.9 kwa moli, wakati ya metili ni 1.7. Kwa joto la chumba hiyo ina maana kwamba molekuli moja tu kati ya elfu kadhaa ndiyo utakuta imesimama. Mwaka 1955 Saul Winstein na Holness walitumia ujanja huo: ukitaka kujua OH inafanyaje kazi ikiwa imesimama au imelala, bandika tertiobutili kwenye kaboni ya nne, na pete haitathubutu kujipindua. Wao hawakuitaka tertiobutili ifanye mmenyuko wowote. Waliitaka ikae tu.

Besi, yaani kitu kinachonyang'anya hidrojeni, nalo nipite haraka, maana liko kwenye kila kitabu. Potasiamu tertiobutoksidi ni besi kali ambayo haiwezi kujipenyeza ndani ya molekuli. Ipeni bromidi yenye kaboni tano, 2-bromo-2-metilibutani, nayo itachukua hidrojeni ya pembeni iliyo karibu na mlango, na kutoa alkeni yenye matawi machache kwa kiasi cha asilimia 70 na kitu. Etoksidi ndogo, kwenye molekuli ileile, inatoa kinyume chake. Hapo mna swali la mtihani, na jibu lake ni nafasi.

Pale ambapo tabia zote mbili hukutana ni kwenye utengenezaji wa peptidi, yaani minyororo ya asidi amino, na hapa naomba subira kidogo kwa sababu naliona kuwa tumizi zuri kuliko yote. Asidi amino ina pande mbili zinazotaka kushikana, upande wa nitrojeni na upande wa asidi. Ukizichanganya mbili tofauti chunguni, kila moja itamshika yeyote aliye karibu, na utapata mchanganyiko usio na jina. Kwa hiyo lazima ufunge upande mmoja, uache mwingine, ushikanishe, kisha ufungue ulichofunga bila kuvunja ulichojenga. Kufunga ni rahisi. Kufungua ndiko kunakoshinda watu. Mwaka 1957 Louis Carpino, na katika mwaka huohuo McKay na Albertson, walileta kifungo kinachoitwa Boc: nitrojeni inavikwa kundi la kaboni na oksijeni lenye tertiobutili mwishoni. Besi haikifungui, kwa sababu tertiobutili imeziba njia ya kuifikia kaboni ya kundi hilo. Ukitaka kukifungua, unatia asidi trifloroasetiki, na tertiobutili inafanya ile kazi ya pili: inatoka. Inageuka isobutileni, ambayo ni gesi. Kilichobaki kinaachia dioksidi ya kaboni, nayo ni gesi. Vyote viwili vinaruka, na chunguni inabaki amino yako ikiwa huru. Wenye kazi ya kusafisha vyombo vya maabara wataelewa raha ya kifungo kinachojiondoa chenyewe.

Bruce Merrifield alishikilia mnyororo wa peptidi kwenye punje ndogo za plastiki, akawa anaongeza asidi amino moja moja na kuosha kila baada ya hatua. Makala yake ya kwanza ni ya 1963. Mwaka uliofuata alitengeneza bradikinini, yenye asidi amino tisa, akitumia Boc, na Nobeli ilimfikia 1984. Siku hizi maabara nyingi zinatumia kifungo kingine kwa nitrojeni, Fmoc, ambacho pia Carpino alihusika nacho, mwaka 1970. Lakini mikono mingi ya pembeni ya asidi amino bado inafungwa kwa tertiobutili, na siku ya mwisho zote zinaondolewa kwa pamoja kwa asidi. Lakini iko kero yake: kationi inayotoka haiondoki daima kwa heshima. Ikiikuta asidi amino kama triptofani au methionini njiani inairukia na kuishika. Ndiyo maana wanaongeza maji au anisoli kidogo, ili kationi ipate cha kuuma kabla ya kuuma peptidi.

Binamu yake kwa alkoholi ni kifungo chenye silikoni ambacho Elias Corey na Venkateswarlu walikitoa 1972. Silikoni yenye metili tatu ilikuwa inadondoka kwa maji tu. Wakaondoa metili moja, wakaweka tertiobutili, na kifungo kikawa kinastahimili maji mara elfu kumi zaidi.

Tutoke maabara, twende soko la Kenya, hapa mjini kwetu. Pindueni bidoni la mafuta ya kupikia yaliyoagizwa kutoka nje, msome maandishi madogo. Mara nyingi mtakuta E319, E320 au E321. Zote tatu ni fenoli, yaani pete ya benzini yenye OH, zikiwa na tertiobutili. E321 ndiyo BHT, na inatengenezwa kwa vitu viwili vya bei nafuu, para-kresoli na isobutileni, pamoja na asidi. Isobutileni inaingia pande mbili za OH, kushoto na kulia. Haiingii mbili jirani kwa jirani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye pete ya benzini methali hii ni karibu sheria.

Mafuta huharibika kwa mnyororo. Oksijeni inashika mafuta, inatengeneza radikali, yaani kipande chenye elektroni isiyo na mwenza, radikali inanyang'anya hidrojeni kwa mafuta ya jirani, naye jirani anakuwa radikali, na hivyo hivyo hadi bidoni zima linanuka. BHT inaipa radikali hidrojeni yake ya OH bila kulalamika. Kwa hesabu ya kawaida, BHT iliyonyang'anywa ingekuwa radikali nyingine ya kuendeleza vurugu. Lakini oksijeni yake imesimama katikati ya tertiobutili mbili, haiwezi kuinyooshea mkono mafuta yoyote. Inakaa hapo hapo mpaka radikali nyingine ipite, ishikane nayo, na molekuli moja ya BHT inakuwa imemaliza minyororo miwili. Kiasi kinachoruhusiwa ni kidogo: Marekani, kwa mfano, jumla isizidi asilimia 0.02 ya mafuta, na wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wameweka kikomo cha BHT kwa mtu kuwa miligramu 0.3 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mama mmoja aliniuliza kabla ya kikao kama mafuta yetu mekundu ya ngazi yanayo. Hapana, Mama, yale yana karoteni na vitamini E yake yenyewe. Na vitamini E, ukiitazama vizuri, ni fenoli iliyowekewa metili kushoto na kulia kwa OH. Mchikichi ulijua dawa hiyo kabla ya kiwanda, ila ulitumia kundi dogo zaidi.

Mwezi wa nane na wa tisa, mvua hazijaanza, vumbi la Ruashi na Kampemba limejaa hewani, na wagonjwa wa pumu wanatafuta pompi ya buluu. Ndani yake mna salbutamoli, na kwenye nitrojeni ya salbutamoli mna tertiobutili. Fuateni hatua. Mwili wenyewe unatengeneza adrenalini, ambayo nitrojeni yake ina metili moja. Inafungua mapafu, lakini pia inapandisha presha na kuupiga moyo mbio. Wakemia wakaweka isopropili badala ya metili: ikaja isoprenalini, haibani tena mishipa ya damu, lakini moyo bado unaisikia. Kikundi cha David Jack huko Ware, Uingereza, katika miaka ya 1960 kiliweka tertiobutili, na dawa iliyotoka, iliyoingia sokoni 1969 kwa jina la Ventolin, inapendelea zaidi kipokezi cha mapafu kuliko cha moyo. Sitaki kuipa tertiobutili sifa zote: walibadilisha pia OH moja ya pete kuwa CH₂OH, na hiyo ndiyo inayoizuia isiharibiwe upesi na kimeng'enya kimoja, kwa hiyo inafanya kazi saa nne hadi sita. Nayo si safi kabisa. Ukizidisha, mikono inatetemeka na moyo unadunda. Lakini kwa mtoto anayehema usiku, tofauti kati ya metili na tertiobutili ni kubwa kuliko mtihani wowote nilioutaja.

Krimu ya terbinafini, ya choa na fangasi za miguuni, nayo ina tertiobutili mwishoni mwa mkia wake. Hiyo nawaachia muichore wenyewe.

Kuna upande ambao hausifiwi. Mnajua esansi, yaani petroli, inapimwa kwa oktani. Kipimo cha 100 ni isooktani, na ncha moja ya isooktani ni tertiobutili: matawi yake yanaifanya isilipuke kabla ya wakati ndani ya injini. Heptani iliyonyooka ni sifuri. Madini ya risasi yalipoanza kuondolewa kwenye esansi, Marekani ilianza mwaka 1979 kuweka MTBE, etha yenye metili upande mmoja na tertiobutili upande wa pili. Kwa injini ilikuwa nzuri. Kwa visima ilikuwa balaa. Inayeyuka kwenye maji kuliko karibu sehemu nyingine zote za esansi, kwa hiyo tangi likivuja chini ya ardhi, MTBE inatangulia mbele na maji. Na bakteria wa udongoni wanaokula mafuta ya kawaida wanaikuta kaboni ile ya katikati imezungukwa kila upande, hawana pa kuanzia, wanachelewa mno. Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, California, lilifunga visima vyake vingi kwa sababu maji yalikuwa yananuka na kuonja vibaya, na tangu 2004 California haikubali MTBE kwenye esansi yake. Kuziba kulekule kunakookoa mafuta ya kupikia ndiko kulikozuia kisima kusafika. Ninalitaja kwa sababu watu wengi wa mji huu wanakunywa maji ya forazi, yaani visima vya mashine, na ya visima vya kawaida, na vituo vya esansi vinajengwa popote penye kiwanja.

Kwa wanaopenda maajabu, neno moja. Tetrahedrani, kaboni nne zilizoshikana kama piramidi, zina mkazo mkubwa mno, na ile yenye hidrojeni tupu haijapata kutengenezwa. Mwaka 1978 Günther Maier, Mjerumani, aliitengeneza ikiwa na tertiobutili kwenye kila kona. Kwa joto la chumba haivunjiki, kwa sababu kaboni mbili zikitaka kuachana, tertiobutili zinasongana zaidi upande mwingine. Msongamano wa nje unaushikilia mkazo wa ndani.

Namalizia na onyo kwa wale watakaokwenda kusoma mbali. Kuna tertiobutili-lithiamu. Humo kaboni ya katikati imegeuka kuwa besi kali kupindukia, na ikigusa hewa inawaka yenyewe. Desemba 2008, Los Angeles, msaidizi wa maabara mwenye miaka 23 alikuwa anaihamisha kwa bomba la sindano la plastiki. Pistoni ikachomoka, nguo yake ya nyuzi za viwandani ikashika moto, naye hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki baada ya siku 18. Koti la pamba halina gharama. Yeyote atakayefanya hata lile jaribio dogo la leo, avae koti na miwani, awe karibu na dirisha lililo wazi.

Asidi itakayobaki kwenye ampuli msiimwage kwenye mfereji. Tieni chokaa ya Likasi ndani ya ndoo ya maji, mimineni asidi kidogo kidogo, mkihakikisha karatasi ya kipimo haiwi nyekundu, ndipo mmwage. Kloridi iwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na moto, na itumike wiki hiyohiyo, kwa sababu unyevu unairudisha alkoholi polepole. Modeli za udongo zitabaki hapa mezani, njooni mzipindue. Sasa maswali, naona mwalimu wa mstari wa tatu ameshainua mkono.